Mwanamke wa Vyombo Vikavu

Nilipopanga chumba kwa Mama Blessing hapa Buseresere, niliambiwa kuna umeme, kuna kisima na kuna kamba ya kuanikia nguo. Umeme ulikuwepo. Kisima kilikuwepo, cha mtaa mzima. Kamba ilikuwepo pia, ila ilikuwa na wenyewe. Siku ya kwanza nimetoka na beseni langu la nguo, nikakuta kamba nzima imejaa mipira mirefu ya plastiki, vitambaa vya kuchujia na mifuniko ya ndoo iliyotobolewa matundu katikati. Chini yake kulikuwa na kichanja cha miti chenye ndoo kumi na mbili zimefudikizwa, na kando chupa zimechomekwa kwenye vijiti, midomo ikitazama chini. Nikauliza nguo nianike wapi. Mama Blessing akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la chekechea.

"Mwalimu," akasema, "nguo ikikauka vibaya inanuka tu. Hivi vikikauka vibaya, wanawake kumi na wawili wanalia."

Mwaka mzima nikaanika nguo zangu kwenye uzio wa michongoma. Nina sketi mbili ambazo mpaka leo zina matundu, na sijamsamehe.

Jina lake ni Mariana. Alizaliwa Kolandoto, kule Shinyanga, na baba yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Alikua akimwona baba yake akichukua kila shuka lililotoka kambani na kuligusisha shavuni kabla ya kulikunja. Mkono wa mfuaji umezoea maji, haujui tena unyevu ni nini, lakini shavu linajua. Mariana alikirithi kitendo hicho kama wengine wanavyorithi pua. Ndoo ikishakauka, aliiweka shavuni. Mfuniko, shavuni. Mpira wa kunyonyea waini aliupuliza kwanza, kisha akauelekeza mdomo wake shavuni na kupuliza tena kwa upande wa pili, kusikiliza kama kuna tone limejificha ndani. Mara ya kwanza kumwona nilidhani anaumwa jino.

Aliolewa na Makoye, Msukuma wa ng'ombe aliyewaacha ng'ombe akafuata dhahabu. Wakahamia machimboni upande wa Geita. Makoye akashuka mashimoni, Mariana akakaa mwaloni, panapooshewa dhahabu, miaka sita akiosha mchanga wa mawe yaliyosagwa, mikono ndani ya maji na zebaki toka asubuhi hadi jua linazama. Kisha kifusi kikamfukia Makoye. Mariana akamchukua binti yake Blessing, wakaja Buseresere, na kutoka machimboni akaja na sheria moja tu: chombo chochote kilichowahi kufika kule hakigusi kitu kinachoingia mdomoni mwa mtu. Ukimletea dumu bure, atakuuliza limetoka wapi. Ukijikuna kichwa kabla ya kujibu, unarudi nalo.

Hapa ndipo kikundi cha akina mama kilipompata. Walikuwa kumi na wawili, wamejifunza kutengeneza waini ya mananasi kwenye semina ya parokia, na kila mmoja alitaka kuwa mtunza vyombo mpaka walipomwona Mariana akiosha ndoo. Wakamwachia. Mwenyekiti wao, Mama Cornel, ambaye jina lake ni Dorah, alisema mbele ya wote kwamba sasa anaweza kulala. Nadhani hilo ndilo jambo zuri kuliko yote ambalo mtu aliwahi kumwambia Mariana, maana alilisimulia mara nyingi, na kila mara kwa sauti ya chini.

Lakini yeye mwenyewe hakulala. Nimeishi na watu wa kila aina, sijaona mtu asiyejua kukaa chini kama yule. Aliosha kwa maji ya moto na magadi, akasuuza mara tatu, akatia chenga za mchele kwenye chupa na kuzitikisa mpaka zikalia, akaanika. Unadhani amemaliza. Upepo ukigeuka, anainuka kuzigeuza ndoo. Lori likipita barabara ya Biharamulo na kuinua vumbi, anakimbia na kanga kufunika. Akishafunika, anaanza kuhangaika kwamba kanga inabana mvuke, anafunua. Kikombe cha chai kilipoa mbele yake kila siku. Akina mama wa kikundi wakija kumenya mananasi aliwavua pete na bangili, akawanusa mikono kama askari wa forodha. Walimcheka, na walimtii.

Mwaka jana, mwezi wa pili, alikwenda Shinyanga kijijini kwa marehemu mumewe. Alirudi na mama mkwe wake, Bibi Kwandu, na begi moja. Mimi niliambiwa bibi amekuja kupumzika. Baadaye Mariana aliniambia ukweli tukiwa tunapepeta mchele. Mtoto wa jirani kule kijijini alikufa, na watu wakaanza kuyatazama macho ya bibi. Macho yake ni mekundu. Miaka sabini ya kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi, yatakosaje kuwa mekundu? Lakini kule kwao, bibi mwenye macho mekundu na mtoto aliyekufa jirani ni hesabu inayojumlishwa haraka. Mwanamke mmoja wa kijiji cha pili alishakatwa mapanga kwa hesabu hiyohiyo. Mariana hakusubiri. Alimpandisha bibi kwenye basi la alfajiri, na ng'ombe wachache waliobaki akawaacha nyuma.

Nilimpenda bibi huyu upesi. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha akaniambia mambo yote aliyoyafikiria tangu tulipoachana jana yake. Hakuna kilichokaa tumboni mwake. Ukimwambia siri asubuhi, mchana ameshamsimulia muuza mkaa, tena kwa furaha. Alichokosa ni kazi. Kwao alikuwa mwenye vibuyu vya maziwa, na hakuna aliyegusa maziwa bila ruhusa yake. Hapa alikaa kwenye mkeka akimtazama mkwewe anavyokimbizana na ndoo, na kila alipotaka kusaidia aliambiwa, "Pumzika, mama."

Mwezi wa nne pipa moja la waini likageuka siki. Waini hugeuka wakati mwingine hata kwa wataalamu, wala hakuna aliyesema neno. Mariana alijikasirikia mwenyewe, akaosha kila kitu upya siku tatu. Pipa lililofuata lilikuwa la harusi ya Cornel, mtoto wa Dorah. Nilikuwepo harusini. Wakwe walitoka Chato wamevaa vizuri, wakajaziwa glasi, mshereheshaji akasema tuinue, wakainua, wakanywa. Shangazi wa bibi harusi aliitema kwenye leso mbele ya kamera. Dorah alisimama pale na tabasamu limekwama usoni, na mimi nikajifanya naangalia keki.

La tatu nalo likachacha.

Hapo maneno yakaanza, na yalianza pale yanapoanzia siku zote, kisimani. Vyombo ni vilevile, mananasi ni yaleyale, mikono ni ileile. Kilichoongezeka kwenye ule uwanja ni nini? Mtu akajibu: bibi. Na mmeyaona macho yake? Na alifukuzwa kwao kwa nini? Nani aliwaambia alifukuzwa, sijui, ila namshuku bibi mwenyewe. Jumatatu moja Dorah akapita kwetu, hakuketi, akamwambia Mariana kwamba Jumapili kikundi kinakutana kwake, na kwamba kuna mganga ambaye wachimbaji humfuata kabla ya kufungua shimo. Ataitwa aangalie vyombo vimechezewa na nani.

"Hatumtaji mtu, Mama Blessing," Dorah akasema. "Yeye ndiye atakayetaja."

Mariana akamjibu, "Sawa, Mama Cornel," akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alianza kuosha ndoo ambayo ilikuwa imeoshwa. Nilimwona akiisugua mpaka kipande cha brashi kikakatika.

Jumanne sikwenda shuleni. Malaria ilinilaza, na dirisha langu linatazama kichanja. Mariana alikuwa ameanika vyombo vyote, akavigusisha shavuni kimoja kimoja, akaenda sokoni. Hakufika mbali, bibi akatoka ndani. Mkononi alikuwa na chupa iliyojaa kitu cha rangi ya chai, na kitambaa. Alimimina kidogo kwenye kitambaa, akainua ndoo ya kwanza, akaipaka ndani taratibu, akizungusha kama anampaka mtoto mafuta. Akairudisha kama ilivyokuwa. Akaenda ya pili.

Nilitoka na shuka begani. "Bibi, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Alifurahi kupata mtu wa kuongea naye. "Ninavipa mbegu, mwalimu," akasema. "Huyu mkwe wangu ni mchapakazi, lakini hakufundishwa. Anavikausha vyombo mpaka vinasahau. Kibuyu cha maziwa hukiachi kikavu kama fuvu. Unakiachia kidogo cha jana, ndipo maziwa ya leo yanajua pa kwenda. Ile waini ya kwanza ilikuwa imeiva vizuri, kali, inakamata ulimi. Watu wakaimwaga! Nikaokoa chupa moja. Sasa navipaka kila anapoanika. Usimwambie, nataka ashangae mwenyewe."

Ile chupa ilikuwa siki ya pipa la kwanza, na alikuwa ameipanda kwenye kila chombo, kwa upendo wote alionao. Harusi ya Cornel iliharibika hivyo. Pipa la tatu hivyo hivyo.

Mariana aliporudi nikamwambia. Nilimweleza nikiwa karibu kucheka, kwa kuwa niliona mambo yamekwisha: chanzo kimejulikana, hakuna uchawi. Nilimwambia Jumapili nitasimama mimi mwenyewe, mwalimu wa sayansi, niwaeleze akina mama jinsi vijidudu vya siki vinavyohama kutoka chombo hadi chombo. Nitachora hata ubaoni.

Alikaa chini. Hilo peke yake lilinitisha.

"Mwalimu," akasema, "wewe utaeleza vijidudu dakika kumi. Wao watasikia neno moja: ni bibi. Walisema ni bibi, na wewe msomi umekuja kuthibitisha kwamba ni bibi. Nani atakumbuka vijidudu?"

"Basi tumwambie bibi mwenyewe aache."

"Nikimwambia leo, kesho atamweleza kila mtu kisimani kwamba ni yeye aliyekuwa anapaka. Atasema kwa kujisifu. Unamjua."

Namjua. Nilikasirika. Nilimkasirikia Dorah, nikalikasirikia hata kabati langu la vitabu vya sayansi, na Mariana pia nilimkasirikia kwa kuwa alikuwa sahihi. Yeye aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ile chupa ya bibi akaimwaga shimoni chooni, kisha akaipasua jiweni na kumwambia bibi imeangushwa na paka. Bibi akamlaani paka.

Halafu akafanya jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa dogo. Alichukua mpira mmoja mzuri, mweupe, ule aliokuwa akiupuliza kila siku. Akaunyonyesha maji ya nanasi. Hakuusuuza. Alifunga ncha zote mbili kwa uzi, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akauweka juu ya bati la banda la kuku, mahali jua linapiga kutwa.

Siku tano mpira ule ulikaa pale, na siku tano Mariana hakutulia hata nukta. Anaosha sufuria, mara kaiacha, kaenda kuchungulia banda la kuku. Anarudi, ananawa mikono. Anakwenda tena. Alinawa mpaka vidole vikakunjamana. Alhamisi alipanda ngazi, akaushusha ule mfuko, akaubeba hadi kwenye karai la maji ya moto, nikadhani imemshinda, ataufua. Alisimama pale kwa muda akiwa ameubana kifuani. Kisha akaurudisha juu ya bati. Mwanamke ambaye hakuwahi kuacha kijiko kikiwa na tone alikuwa anafuga uchafu kama mtu anayefuga kuku wa sikukuu, na ulikuwa unamla ndani kwa ndani. Nilimkuta jikoni akilia.

Jumapili mchana tulikwenda kwa Dorah. Bibi tulimwacha na Mama Shamimu, jirani, wamenye maharage. Akina mama walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, na hakukuwa na vicheko. Dorah alisema mganga anakuja Jumanne, na anataka majina ya wote wanaolala kwenye nyumba yenye vyombo. Alikuwa na karatasi mkononi.

Mariana akasimama kabla Dorah hajaandika. Alitoa mfuko, akautoa mpira, akaulaza kwenye sinia. Kwa wembe akaupasua kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha. Ndani kulikuwa na ute wa kahawia, mzito, wenye vinyuzi, na madoa meusi ya ukungu. Harufu ikapanda, wanawake wakajifunika pua kwa kanga.

"Msiandike jina la mtu," akasema. "Huyu hapa mchawi wenu. Nimechoka, mama zangu. Tangu mwezi wa nne nilikuwa nakunja mipira ikiwa na maji ndani. Ndoo nilizifunika mbichi. Nilikuwa nawadanganya kwamba nimekausha."

Mmoja, mwanamke mnene aliyekuwa akivuliwa pete kila mara, akaangua kicheko cha hasira. "Na wewe ndiye uliyekuwa ukitunusa mikono!"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Sisi wachafu, wewe msafi! Kumbe!"

Wakaongea wote kwa pamoja. Nilisikia maneno ambayo sitayaandika. Mariana alisimama katikati, mikono imening'inia. Nilitaka kusimama niwaambie kila kitu, na aliponitazama nikaketi. Dorah peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anamwangalia kwa makini, kama mtu ambaye hajaridhika.

"Vyombo hivi nimeviona kwako kwa macho yangu," Dorah akasema. "Vilikuwa vikavu. Apa."

"Naapa."

"Apa kwa Makoye."

Kwetu huapi kwa marehemu wako kwa mchezo. "Kwa kaburi la Makoye," Mariana akasema, "uchafu ni wangu."

Dorah akaikunja ile karatasi, akaichana vipande viwili, akavitia kwenye jiko la mkaa. Kisha akasema kwamba harusi ya mtoto wake ilikuwa moja tu na haitarudiwa, na kwamba vyombo vitahamia kwake kesho yake. Hilo lilikuwa la haki, kwa waliyokuwa wakiyajua. Wanawake wawili walikuja Jumatatu asubuhi na guta, wakapakia ndoo zote, chupa zote, mipira na hata kile kichanja, wakaking'oa miti yake. Mmoja aliinusa ndoo kabla ya kuipakia, makusudi. Mariana alisimama mlangoni akawaambia tu kwamba ndoo ya mfuniko wa bluu inavuja ukingoni, waiangalie.

Jioni bibi akarudi kutoka kisimani. Alikuwa ameyasikia yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuja kimya. Aliweka ndoo yake chini. Mariana alikuwa ameketi kizingitini, mikono haina kazi, na mimi nilikuwa nasahihisha madaftari kwenye baraza.

"Ni kweli wanayosema?" bibi akauliza.

Mariana alishuka kizingitini, akapiga magoti kama wanawake wa kwao wanavyofanya mbele ya mkwe. "Ni kweli, mama."

Bibi akasema, "Umenitia aibu. Umelitia aibu hata jina la mwanangu. Mimi nimeshika vibuyu vya watu miaka hamsini, sijawahi kumharibia mtu hata kikombe cha maziwa. Hata kimoja! Leo naambiwa kisimani kwamba nyumba ninayolala ni ya mtu mchafu."

Nilisukuma madaftari, nikasimama. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Mariana hakugeuka, aliinua tu kiganja kimoja kuelekea kwangu, chini chini, bibi asikione.

"Nisamehe, mama," akasema.

Bibi alimtazama kwa yale macho yake mekundu, akavuta pumzi. Hasira yake haikai. Aliinama kwa shida, akamshika mkwewe kichwani.

"Inuka," akasema. "Hukupata wa kukuonyesha, basi. Nipo. Kuanzia kesho nitakufundisha kuosha."

"Wabeja, mayu," Mariana akajibu, akimshukuru kwa Kisukuma. "Nitafurahi."